MUULIZE MAMA MKUNGA: Sahani inanitazama, nami naitazama

Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni msomaji wako wa Kiwira, wilayani Rungwe. Nina miaka 23, mimba ya kwanza, wiki ya 34 kwa hesabu ya kadi. Miezi ya mwanzo nilitapika kama wengine, mwezi wa nne ukanikuta mzima, nikala mpaka mume wangu akawa ananitania kwamba nitamaliza mkungu kabla haujaiva. Sasa wiki ya tatu hii hamu imekatika kabisa. Tunaishi na mama mkwe, naye ananipakulia mbalaga, yaani ndizi za kupika, na maharage sahani ya kufurika, na kipande cha nyama juu. Nikila vijiko vitatu nimeshiba hadi shingoni. Nikijilazimisha, kiungulia kinanipanda usiku kucha na nalala nimekaa. Sahani inanitazama, nami naitazama, naye mama anatutazama sote wawili.

Kinachopita ni chai ya rangi tu, na kwa baridi hii ya Julai thamosi nzima naimaliza peke yangu. FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, niliziacha mwezi uliopita, kwa sababu nikimeza asubuhi na chai napata kichefuchefu, na choo kinakuwa kigumu, cheusi kama masizi. Kliniki iliyopita mizani ilisoma kilo 61, na ya kabla yake ilikuwa 61 hiyohiyo. Sikuthubutu kuuliza, foleni ilikuwa ndefu. Mama mkwe anasema namnyima mtoto chakula. Majirani wanasema afadhali, mtoto asije akawa mkubwa nikashindwa kumtoa. Nimsikilize nani? Je, mwanangu anashinda njaa?

Halafu, nilitaka kusahau, pete ya ndoa haiingii tena na asubuhi nyingine kichwa kinaniuma. Nadhani ni hii baridi.
Mama Mtarajiwa, Kiwira

JIBU: Marahaba mwanangu, na ndaga fijo kwa kuandika kirefu. Barua yako niliisoma kuanzia mwisho. Ni tabia niliyoipata wodini: mama anakueleza mambo matano, la sita analitaja akiwa ameshasimama na kujifunga kitenge, na mara nyingi hilo la sita ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. La sita lako ni pete na kichwa.

Ndiyo maana hatukungoja toleo hili litoke. Mhariri alinisomea barua kwa simu, tukakutumia ujumbe siku hiyohiyo: usisubiri tarehe ya kadi, nenda leo ukapimwe presha na mkojo. Ulikwenda, ukatujibu jioni, na umeniruhusu nizitaje namba zako. Presha 118 kwa 76. Mkojo hauna protini. Mapigo ya moyo wa mtoto yako sawa. Kimo cha mimba sentimita 33. Wingi wa damu 9.6. Nilipumua, kisha kwenye hiyo namba ya mwisho nikakunja uso.

Kabla sijaja kwenye sahani, wasomaji wengine nisikilizeni hapa. Vidole kuvimba kidogo mwishoni mwa mimba huwapata wengi na mara nyingi si kitu. Lakini uvimbe wa mikono na uso ukiandamana na kichwa kisichotulia, au macho kuona ukungu na vimulimuli, au maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe cha moyo, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, hilo ni jambo la hospitali, na kama mkojo nao una protini, haraka zaidi. Nimewaona akina mama walioyaita maumivu yale ya chembe kuwa ni kiungulia, wakakaa nyumbani wakilamba magadi. Aliyepoteza hamu ya kula huku anatapika na chembe inauma asikae nyumbani hata kama ni saa nane ya usiku.

Wewe presha yako ni nzuri. Sasa twende kwenye chakula.

Weka kiganja chako juu ya kitovu, kipandishe polepole mpaka pale tumbo gumu linapoishia. Kwa wiki zako, kiganja kitakomea karibu na chembe ya moyo, na wiki ya 36 kitaifikia kabisa. Huko juu ndiko tumbo la chakula linakoishi. Mfuko wa uzazi umelisukuma na kulibana, ndiyo maana vijiko vitatu vinatosha. Si deko, na wala si dharau kwa mapishi ya mama mkwe. Ongeza na homoni iitwayo projesteroni. Kazi yake moja ni kulegeza misuli ya mfuko wa uzazi usibane kabla ya siku zake, lakini haichagui, inalegeza na ya jirani. Mlango ulio juu ya tumbo la chakula unalegea, asidi inapanda kifuani, na hicho ndicho kiungulia chako. Utumbo nao unakwenda pole, choo kinakauka. Mtu aliyeshiba tangu jana, kifua kinawaka na hajapata choo siku tatu, hamu ataitoa wapi?

Umeuliza kama mtoto anashinda njaa. Hapana. Sentimita 33 kwa wiki ya 34 ni kimo kinachoendana na umri wa mimba. Mtoto haisubiri sahani ya saa saba, anachukua kwenye damu yako na kwenye akiba ya mwili wako, na wiki hizi anaongeza karibu gramu 200 kila wiki. Anayebaki na upungufu ni wewe. Kwa mjamzito tunataka wingi wa damu usipungue 11, wewe una 9.6, na damu ikipungua hamu ya kula nayo hupungua, mwili unachoka, kichwa kinauma. Umeingia kwenye mduara: huli kwa sababu damu ni ndogo, na damu ni ndogo kwa sababu huli, na juu yake FEFO umezitupa kabatini. Ungefika chumba cha kujifungulia hivyo, ukapoteza damu kiasi ambacho mwenzako anakimudu, wewe ungeanguka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko kilo 61.

Basi thamosi. Najua ninamwambia nani: unaishi kwenye milima ya chai, ukifungua mlango unaiona imepandwa kama zulia. Lakini chai, hata ya rangi, ina kitu kinachoyashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Unameza FEFO na chai, kidonge kinakutia kichefuchefu bure, kazi hakifanyi ipasavyo. Unakula maharage na chai, chuma cha maharage nacho kinapotea. Juu ya hayo, vikombe sita vya chai vinajaza kale kanafasi kadogo kalikobaki. Sikukatazi chai. Weka saa moja au mbili kati yake na chakula, na kati yake na kidonge. Maziwa nayo usiyanywe pamoja na kidonge. Kwa baridi, kunywa maji ya moto yaliyokamuliwa limau, ukiona hayachochei kiungulia. Maji yenyewe nayo usiyasahau. Watu wa nyanda zetu Julai hatusikii kiu, tunasahau kunywa, halafu tunakilaumu choo.

FEFO rudia leo kwa dozi aliyokuandikia nesi baada ya kuona damu. Meza baada ya chakula cha jioni, siyo asubuhi tumbo likiwa tupu, na ushushie kwa pera au chungwa, kwani vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Kama umeandikiwa mara mbili kwa siku, kile kingine kimeze saa saba, nacho baada ya kula. Choo cheusi kisikutishe, ni chuma kilichobaki.

Nikueleze nilivyofundishwa kula mimi. Mwaka 1986, Iringa, nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na miaka mitatu ya kazi. Kila asubuhi niliwahimiza akina mama kliniki, "Kuleni, mnakula kwa wawili," nikirudi nyumbani siwezi kumaliza robo ya ugali. Niliona aibu. Shangazi yangu alikuja kukaa nami mwezi wa nane wa mimba. Hakunipakulia sahani hata siku moja. Alikuwa na kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu umebanduka upande mmoja, anakitia uji wa ulezi mwepesi wenye karanga za kutwanga na maziwa. Anakiweka dirishani, ubavuni pangu nilipokuwa nashona, kisha anatoka zake kuanika mahindi. Hasemi kunywa, hasemi usinywe. Akirudi anakuta kimepungua, anaongeza kijiko kirefu kimoja, anatoka tena. Ilipofika jioni nilikuwa nimekunywa vikombe vinne bila kujua kwamba nimekula. Nilikuja kulielewa jambo lile baadaye sana: alikuwa ananilisha kwa saa, siyo kwa sahani.

Fanya hivyo hapo Kiwira. Ukiamka, kabla hujainuka vizuri, tafuna kipande cha gimbi au kiazi kilichobaki jana. Saa nne kikombe cha uji. Saa saba ndizi tatu nne tu, maharage, mboga ya majani, na hao dagaa wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela. Wasage, uwatie kwenye maharage, kijiko kimoja kina kazi kuliko nyama ya kutafuna nusu saa. Ukiwa unakula usinywe maji mengi, yanywe katikati ya mlo na mlo. Saa kumi nusu parachichi na chumvi kidogo, au mtindi, ila maziwa yake yawe yalichemshwa kwanza. Chakula cha jioni kiwe mapema, saa kumi na mbili, ili ukilala saa tatu au nne tumbo liwe limeshuka. Mafuta mengi na pilipili viache kwa sasa. Lalia ubavu wa kushoto, na mume wako aweke matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, itasaidia kuliko mito mitano. Magadi na majivu ya kulamba, hapana. Zipo dawa za kiungulia za kutafuna, muulize nesi, nazo zisikutane na FEFO.

Mama mkwe usipigane naye. Huyo anakupenda kwa kipimo anachokijua, na kipimo chake ni sahani. Mwambie, "Mama, nesi amesema niwe nakula kidogo mara tano kwa siku, naomba unisaidie kukumbuka saa." Mpe uji uwe wake. Namwona kabisa kesho anavyokufuata na kikombe hadi bafuni.

Kuhusu mizani: kliniki moja bila kuongezeka si hukumu, na wiki za mwisho kabisa uzito wa wengi husimama. Ukienda tena ukakuta 61 au pungufu, uliza kwa sauti. Umepanga hiyo foleni kwa ajili ya swali hilo. Nguvu ikikuishia, ukitapika kila unachokula, macho au mkojo ukibadilika rangi, au viganja na nyayo zikakuwasha usiku bila upele, usisubiri tarehe.

Na mtoto kucheza. Utaambiwa mwezi wa tisa anapunguza kucheza kwa sababu nafasi imekwisha. Usikubali. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, akawa anajinyoosha zaidi kuliko kupiga teke, lakini asipungue. Siku ukiona amenyamaza tofauti na kawaida yake, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuanzia wiki ya 36 hivi, kwa uzazi wa kwanza, kichwa cha mtoto huanza kushuka kwenye nyonga. Asubuhi moja utavuta pumzi ndefu na kushangaa imeingia yote, na sahani itaanza kukuvutia tena. Utakachokipata badala yake ni safari za chooni kila nusu saa, na kwa baridi ya Rungwe pole sana.

*

Mama, mimi ni mume, niko Mafinga. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, chakula anakigusagusa tu, lakini nimegundua anakula udongo, vile vipande vinavyouzwa sokoni. Anavificha kwenye mfuko wa sweta. Nilipomsema akalia siku nzima. Nifanye nini?
Baba Mtarajiwa, Mafinga

JIBU: Kwanza mwombe radhi. Hamu ya udongo si tabia mbaya, inaweza kumshika mwanamke mwenye akili timamu na elimu yake, na anayeificha anajua tayari kwamba watu watamcheka. Mimi wodini nilikuwa naijua kwa harufu: ile ya vumbi lililonyeshewa mvua, inatoka kwenye pochi ya mgonjwa.

Mara nyingi hamu hiyo inaandamana na upungufu wa damu. Ubaya ni kwamba udongo wenyewe unaongeza tatizo. Unashika madini ya chuma yasiingie mwilini, unafunga choo, unamshibisha mtu bila kumlisha, na unaweza kubeba mayai ya minyoo au hata madini mabaya kama risasi. Hakuna ajuaye umechimbwa wapi. Kwa hiyo chakula anakigusagusa kwa sababu tumbo limejaa udongo, na udongo anautaka kwa sababu damu ni ndogo.

Nenda naye kliniki, uingie naye chumbani. Mtaje udongo mbele ya nesi, bila kumsuta, maana akiachwa mwenyewe hatausema. Apimwe wingi wa damu, na kama hajapewa dawa ya minyoo katika mimba hii apewe huko kliniki, asinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Akianza kumeza vidonge vya damu inavyotakiwa, kwa wengi hamu ya udongo inapungua ndani ya wiki chache. Wakati huo mwekee kitu cha kutafuna kwenye mfuko uleule wa sweta: karanga za kukaanga, au bisi. Mkono umezoea kwenda pale, usiukute mtupu.

*

Kamwene mama. Niko Njombe, mkwe wangu ana mimba ya miezi minane na hali chakula vizuri. Sisi tulikatazwa mayai tukiwa wajawazito, mtoto angezaliwa hana nywele. Tena mwezi wa tisa tulikula kidogo ili mtoto asiwe mkubwa. Nesi anamwambia ale mayai. Nimwachie? Nina matetea sita wanaotaga vizuri, mayai napeleka sokoni kila Alhamisi.
Bibi Mtarajiwa, Njombe

JIBU: Kamwene dada. Nywele za mtoto hazina habari na yai. Nimepokea watoto wenye vipara kwa mama ambao yai hawakulionja, na wenye nywele za kusukwa kwa mama waliokula kila siku. Nadhani wazee wetu walikuwa na kuku wachache na wageni wengi, na ilibidi mtu fulani akatazwe. Hayo ni mawazo yangu tu.

Kumpunguzia chakula mwezi wa tisa hakupunguzi kichwa cha mtoto wala hakupanui nyonga ya mama. Kunampeleka leba hana nguvu ya kusukuma. Mtoto mkubwa kupita kiasi mara nyingi ana sababu nyingine, kwa mfano sukari ya mama, na hiyo hupimwa kliniki. Majirani wa yule binti wa Kiwira nao wasome hapa.

Mkwe wako hawezi kumaliza sahani, lakini yai moja lililochemshwa hadi kiini kigande linapita hata kwenye tumbo lililobanwa. Alhamisi hii trei iende sokoni pungufu ya mayai saba.